Filamu Nne kwa Kaburi Moja

Alhamisi, 3 Aprili. Jinja.

Nimenunua daftari hili ili nisigombane na watu. Nikimwaga hasira zangu humu, huenda wateja wakanikuta na uso wa kawaida pale studio. Leo tayari nimemfokea mwanafunzi aliyekuja kupiga picha ya pasipoti akiwa amevaa miwani ya jua.

Chanzo ni simu ya Mama Mkubwa Zulaika kutoka Mbale. Huyu ni dada mkubwa wa marehemu mama yangu. Ana miaka themanini na mbili, anaishi Namakwekwe, na sijawahi kumsikia akiomba jambo. Yeye huamuru.

"Habibah, wewe ndiye mwenye kamera. Njoo unionyeshe mwanangu."

Mwanawe wa kwanza, Marjani, alikufa kwa surua mwaka 1963, hajatimiza miaka miwili. Alizikwa kwenye makaburi ya wazee wetu, wale askari wenye asili ya Sudani na watoto wao, nyuma ya kambi ya polisi, njia ya kwenda Nakaloke. Sisi wanawake hatuendi kuzika. Wanaume walimbeba mtoto, wakarudi, wakanawa mikono, na Mama Mkubwa hakuwahi kuonyeshwa mahali penyewe. Waliojua wamekufa wote. Makaburi hayakujengewa, yaliwekewa jiwe kichwani basi, na siku hizi ni majani matupu.

Sasa kiwanja kimepata mwenyewe mpya. Msimamizi wake anaitwa Gaster, kijana mpole anayesema "tafadhali" mpaka unatamani kumzaba kibao. Amekubaliana na wazee wa msikiti hivi: kila kaburi litakaloonyeshwa kwa ushahidi litazungushiwa ua na kuachwa. Pasipoonyeshwa kitu, greda linapita. Mwisho ni tarehe thelathini Mei.

"Mimi nikifa nataka kulazwa ubavuni mwa Marjani," Mama Mkubwa akasema. "Sasa mtanilaza ubavuni mwa nani? Mwa greda?"

Kisha akakata simu. Ndivyo anavyoaga.

Jumamosi, 5 Aprili.

Nimekwenda kwa Mzee Nyongesa, aliyenifundisha kazi hii. Ni Mkenya wa Bungoma aliyekuja Jinja ujanani kupiga picha mashamba ya miwa. Alikuwa akining'inia kwenye mlango wa ndege ndogo na filamu ya infraredi, ile inayonasa mwanga ambao jicho la mtu halioni. Kwenye picha zake mmea mzima hung'aa mweupe kama chumvi na mmea mgonjwa hubaki wa kijivu, hata kama kwa macho yako shamba lote ni kijani kimoja.

"Udongo uliowahi kuchimbwa haurudi kuwa kama mwanzo," akaniambia. "Unashika maji kivyake. Mvua zikianza, majani ya juu ya kaburi huota tofauti na ya pembeni. Wewe hutaona. Filamu itaona. Ila ni wiki chache tu. Yakirefuka, yote yanakuwa sawa."

Nikamuuliza kuna ugumu gani. Akacheka mpaka akakohoa.

Ugumu ni huu, nauandika ili nisije nikasema sikuambiwa. Mbele ya lenzi unaweka filta nyeusi tii inayozuia mwanga wa kawaida. Ukichungulia, huoni kitu, unapiga kama kipofu. Mwanga unaopita ni kiduchu, kwa hiyo shata, kile kipazia cha ndani ya kamera, lazima ikae wazi muda mrefu, na mkono ukitikisika kidogo tu picha inakuwa uji. Tena mwanga huo hautui pale unapotua mwanga wa kawaida. Unapima fokasi bila filta, halafu unaizungusha lenzi kidogo mpaka kwenye alama nyekundu iliyochorwa pembeni, ndipo unaweka filta.

"Kwa hiyo utahitaji stendi," akasema.

"Stendi ninayo," nikajibu. Nilijibu kwa raha zote, mjinga mimi.

Ana jamaa Nairobi atakayetuma filamu nne. Hana zaidi ya hizo.

Jumatano, 9 Aprili.

Mvua. Filamu zimefika, ziko kwenye friji kando ya samaki. Jirani wa duka la simu kaniuliza kwa nini nisitumie droni. Nyuma ya kambi ya polisi? Droni itashushwa, na mimi nitashushwa nayo.

Jumamosi, 12 Aprili. Mbale.

Nimefika Mbale saa tatu, jua limewaka vizuri, roho yangu nyeupe. Amir, kitinda mimba wa Mama Mkubwa, mwanamume mzima wa miaka arobaini na tano anayeuza vipuri vya pikipiki, kanipeleka mpaka kiwanjani. Nikapanda kituta cha pembeni, nikafungua stendi, nikaisimamisha miguu yake mitatu, nikaanza kupima.

Pembeni mwa makaburi wako wanawake wanaolima maharage. Mmoja aliinua kichwa, akaona miguu mitatu na mtu ameinama nyuma yake anachungulia. Akatupa jembe.

"Sevaya! Sevaya huyo! Wamekuja kupima!"

Ningekuwa na akili ningejua. Katika nchi hii mtu akisimamisha kitu cha miguu mitatu kwenye ardhi ya watu, ni mpima ardhi, na mpima ardhi akiondoka, na ardhi imeondoka. Walikuja kama kumi na watano. Nikapiga kelele kwamba mimi ni mpiga picha, ni picha tu. Mmoja akasema hata sevaya wa mwaka jana alisema hivyohivyo. Wakaing'oa stendi, mguu mmoja ukavunjika palepale kwenye goti. Amir alikuwa keshafika barabarani.

Aliyeniokoa, kama ni kuokoa, ni Afande Ojwang, sajini wa stoo ya kambi. Ni mtu wa Tororo, mrefu, mkavu, viatu vinang'aa kuliko lenzi zangu. Alipiga filimbi, wote wakanyamaza. Akasikiliza habari ya mtoto, ya surua, ya greda. Kisha akabeba stendi yangu kwapani.

"Mama, hii kitu ya miguu tatu, hapana. Itakaa stoo. Hii kitu naleta vita."

"Afande, bila stendi picha hazitatulia."

"Wewe iko na mikono mbili. Panda tangi ya maji, piga na mikono. Lakini miguu tatu, hapana."

Na anatabasamu! Amenivua mguu wangu wa kazi, halafu anaonyesha tangi kama vile amenipa gari.

Jumapili, 13 Aprili.

Tangi la maji la kambi limesimama juu ya vyuma, urefu wa nyumba ya ghorofa mbili. Juu kuna ubao wa kusimama mtu, hakuna cha kuegemea. Makaburi yote unayaona chini yako, hilo nakiri. Lakini pampu inavuta maji tangu alfajiri na chuma chote kinatetemeka. Ukiegemeza kamera kwenye chuma inatetemeka, ukiishika mkononi unatetemeka wewe.

Nimepiga filamu nzima, thelathini na sita. Shata sehemu ya nane ya sekunde, nimebana viwiko mbavuni, nimezuia pumzi mpaka nikaona nyota mchana. Huenda mbili tatu zimepona.

Jumanne, 15 Aprili. Jinja.

Hakuna iliyopona. Nimeosha filamu, nikaitundika, nikaitazama na lenzi ya kukuzia. Ni ukungu mweupe uliovutwa kushoto, ukungu mweupe uliovutwa kulia. Katika moja kuna mbuzi mwenye vichwa vitatu.

Saa nne kwenda, saa nne kurudi, ili nione mbuzi.

Alhamisi, 17 Aprili.

Mzee Nyongesa anasema nijaribu filta nyekundu badala ya nyeusi. Inaachia mwanga zaidi, shata inafunga haraka, mkono hauna muda wa kutikisika. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mwanzo. "Mwanzo ulikuwa na stendi," akasema, na akaendelea kula mhogo wake.

Jumamosi, 26 Aprili. Mbale.

Filamu ya pili, filta nyekundu. Juu ya tangi nimesikia moyo wangu ukipiga kwenye vidole. Chini Afande Ojwang ananitazama kama anayetazama mtu akipaka ukuta rangi vibaya.

"Mama, unakamata hiyo kamera kama inauma."

Nilimwambia ashughulike na stoo yake.

Jumatatu, 28 Aprili. Jinja.

Picha zimetulia! Kali kabisa, unaweza kuhesabu ndevu za mbuzi. Unaona kila jani, kila jiwe, kila ganda la ndizi. Makaburi huyaoni. Filta nyekundu imeingiza mwanga wa kawaida mwingi mno, majani yote yamekuwa sawa, zulia moja.

Kwa hiyo mambo yako hivi: filta nyeusi inaona makaburi lakini inanipa uji, filta nyekundu inanipa picha safi ya upuuzi. Nimemweleza Mama Mkubwa kwa simu, polepole, mara mbili.

"Sasa umempata au hujampata?"

"Sijampata, Mama."

"Basi kwa nini unanieleza habari za vioo?"

Ijumaa, 2 Mei. Mbale.

Nimeacha filamu ya tatu mezani kwa Mama Mkubwa nikaenda kuswali. Amir kaivuta nje yote, kwenye jua la uani, "kuona kama ni nzima." Sina la kuandika. Nikiandika nitaandika dhambi.

Jumatatu, 5 Mei. Jinja.

Mawingu.

Jumanne, 6 Mei.

Mawingu. Infraredi bila jua ni sawa na kupiga picha ndani ya gunia.

Alhamisi, 8 Mei.

Mawingu asubuhi, mvua mchana. Gaster kapiga simu: "Tafadhali Mama Habibah, sitaki kukusumbua, nauliza tu ushahidi umefikia wapi." Nimemjibu kwa upole uliotaka kuniua. Majani ya kiwanjani yatakuwa yamefika magotini. Filamu imebaki moja.

Jumamosi, 10 Mei. Mbale.

Nataka niandike kila kitu kwa mpangilio, maana nikisimulia kwa mdomo nitalia.

Juzi nilimpigia Afande Ojwang kumwambia kwamba nakuja leo, jua likikubali, na kwamba pengine ndiyo mara ya mwisho. Nilimwomba tu tangi liwe wazi. Leo saa mbili na nusu nimemkuta kwenye lango la kambi amevaa sare iliyopigwa pasi mpaka ina makali.

"Mama, leo utafurahi."

Akanitangulia kuelekea makaburini, anatembea kama yuko kwenye gwaride. Nikaona kwanza weupe, sikuelewa ni nini. Tukakaribia. Kiwanja chote kimefyekwa, chote, mpaka kwenye ngozi, kama kichwa cha kuruta siku ya kwanza. Na kutoka lango la makaburi mpaka mwisho kuna njia iliyonyooka, na pande zote mbili za njia kuna mawe, jiwe baada ya jiwe, yamepakwa chokaa, yanang'aa.

"Sisi hapa, kama mgeni nakuja, nafyeka majani, napaka mawe chokaa," akasema. "Hiyo ni heshima. Vijana kumi, siku mbili. Mimi mwenyewe nilisimamia."

Nikamuuliza, sauti yangu hata siijui: "Afande, hayo mawe mmeyatoa wapi?"

"Ilikuwa humo humo. Imetawanyika ovyo ovyo, moja huku, moja kule. Sasa ona, safi."

Nikakaa chini. Nilikaa palepale kwenye matope na gauni langu la Ijumaa.

"Mama? Unaumwa?"

"Yalikuwa ya kichwani, afande. Kila jiwe lilikuwa kichwani pa mtu."

Nikaona jambo linavyoingia taratibu usoni mwake. Akageuka kuyatazama yale mawe yake meupe, akatazama uwanja, akayatazama tena mawe. Kisha akavua kofia. Mtu ambaye sijamwona bila kofia hata mvuani.

Nilimtukana. Sitaficha, daftari ni langu. Nilimwambia kwamba maisha yake yote ameamrishwa kupaka mawe chokaa mpaka akili yake nayo imepakwa. Nikamwambia kuna mama wa miaka themanini na mbili ambaye dalili ya mwisho ya mwanawe sasa imepanga mstari kando ya njia ili mgeni apite vizuri. Hakujitetea. Vijana wawili wenye ndoo za chokaa walikuwa wamesimama kando wanasikia bosi wao akitukanwa na mwanamke, naye hakuwafukuza.

"Tutarudisha," akasema mwishowe.

"Mtarudisha wapi? Mnajua lipi lilikuwa wapi?"

Nilinyanyuka nikapanda boda mpaka Namakwekwe, kamera haijatoka begini.

Jumapili, 11 Mei.

Mama Mkubwa kauliza kama nimepiga. Nimemwambia jua halikutosha. Jua lilikuwa linapasua mawe. Akanisogezea sahani ya samaki, hakuuliza tena. Ni mara ya kwanza maishani mwangu namwona hajauliza tena.

Jumatano, 14 Mei. Jinja.

Mzee Nyongesa nimemsimulia yote, naye akacheka. Nilinyanyuka niondoke. Akanishika mkono.

"Kaa, Habibah. Unajua kule kwenye miwa nilikuwa nawaomba nini kila msimu? Wakate kwanza, nipige yale yanayoota upya. Hawakunikubalia hata siku moja. Majani yaliyofyekwa pamoja huanza mbio pamoja. Mvua inanyesha?"

"Kila siku."

"Basi yaliyo juu ya makaburi hayatakimbia sawa na mengine. Huyo askari wako kaharibu mawe, lakini majani kakutengenezea. Subiri siku kumi tangu kufyekwa, zisizidi."

Nimefanya hesabu. Tarehe ishirini.

Nimekasirika kwa sababu sasa sijui nimkasirikie nani.

Jumapili, 18 Mei. Mbale.

Afande Ojwang kapiga simu mwenyewe: "Majani natoka, mama." Sauti ya mtu anayetoa taarifa kwa mkubwa wake. Nimekuja mapema nifanye mazoezi, kamera tupu.

Alinifuata mpaka juu ya tangi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akanitazama nikijipinda na kuzuia pumzi.

"Mimi naweza kusema?"

"Sema, afande."

"Unazuia pumzi kifua ikiwa imejaa. Kifua ikijaa, moyo napiga ngoma. Kwa bunduki sisi nafanya hivi: vuta pumzi, toa nusu, nyamaza. Hapo katikati iko kimya kidogo. Hapo ndiyo unabonyeza. Na usibonyeze kama unaua mende. Finya polepole, mpaka yenyewe nakushtua."

Akatoa mfukoni kizibo cha soda, akakiweka juu ya kamera yangu. "Bonyeza. Ikianguka, rudia."

Kilianguka mara ishirini na saba. Nilimwambia huu ni mchezo wa kuruta. Akasema ndiyo, alikuwa kuruta mwaka 1993 na jiwe lilikuwa juu ya bunduki yake saa nzima, na lilipoanguka alikimbizwa kuzunguka uwanja. Nikarudia. Mara ya ishirini na nane hakikuanguka.

Lakini filta nyeusi bado inataka muda ambao mikono yangu haina. Nikamwambia hivyo. Akafikiri, kisha akanipa mgongo, akasimama wima mbele yangu, mikono ubavuni.

"Weka hapa, kwa bega."

"Afande, wewe ni mtu. Utatikisika."

"Mimi nimesimama gwaride ya uhuru miaka kumi na tisa, jua kali, hata nzi ikiingia kwa pua. Weka."

Nikaweka kamera begani mwake, kizibo juu yake. Pampu inanguruma, ubao unatetemeka chini ya nyayo zetu, na ule mtetemo ukafika magotini mwake ukaishia humo. Kizibo hakikusogea. Sijawahi kuona binadamu akisimama namna ile, hata pumzi yake huioni.

Nilitaka kumwomba radhi kwa maneno ya juma lililopita. Nikasema tu, "Kesho kutwa saa tatu."

"Saa tatu, mama."

Jumanne, 20 Mei.

Jua limetoka saa tatu na robo. Fokasi nimepima bila filta, nimezungusha mpaka alama nyekundu, nimeifunga lenzi kwa plasta ya kidonda isisogee. Filamu niliiweka kamerani chumbani kwa Mama Mkubwa, gizani chini ya blanketi, Amir akiwa amefukuzwa nyumba nzima. Filta nyeusi. Shata sehemu ya kumi na tano ya sekunde.

Afande alisimama. Kila nilipokuwa tayari nilisema "sasa", naye akatoa nusu ya pumzi, nami nikatoa yangu. Tulipiga thelathini na sita kwa muda wa nusu saa, tukisimama mawingu yanapopita. Wale wanawake wa maharage walikuwa chini wanatuangalia. Mmoja alipaza sauti kuuliza huyo sevaya amemgeuza afande kuwa stendi? Wakaangua kicheko. Bega la afande halikucheka.

Alhamisi, 22 Mei. Jinja.

Nimeosha. Saba zina sikio la Afande Ojwang pembeni, kubwa kama jani la mgomba. Ishirini na mbili bado ni uji, ingawa ni uji mzito kidogo. Nne mawingu yalizila.

Tatu zimetulia.

Nimeikuza moja mpaka ukubwa wa meza. Nilipoiona ikijitokeza kwenye maji ya dawa nilishika ukingo wa beseni. Uwanja mweusi wenye mistari ya kijivu, na katikati ya kijivu, mistatili myeupe, mirefu, imelala yote upande mmoja, safu kwa safu, kingo zake zimekatika vizuri unaweza kuziwekea rula. Nimehesabu arobaini na tatu. Karibu na lango la makaburi, sambamba na ukuta wa zamani, kuna safu nyingine ya mistatili mifupi, mifupi sana, imebanana. Nikatoka nje ya chumba cha giza nikasimama kwenye korido na mikono yangu inatiririka dawa.

Yupo pale. Lakini ni yupi?

Ijumaa, 30 Mei. Mbale.

Kikao kilikuwa sebuleni kwa Mama Mkubwa, baada ya swala ya Ijumaa, kwa sababu yeye alisema haendi popote. Wazee watatu wa msikiti, Gaster na karatasi zake, Amir karibu na mlango, Afande Ojwang kwenye ukingo wa kochi, kofia mapajani. Mama Mkubwa kwenye kiti chake, shela jeupe. Picha nilikuwa nimeikunja kwenye bomba la karatasi. Sikuwa nimemwonyesha. Niliogopa atauliza "yupi", nami sina jibu.

Niliitandaza mezani upande wa Gaster. Akainama.

"Hii mirefu naikubali," akasema. "Haina ubishi. Hii yote itazungushiwa ua. Lakini tafadhali, hii midogo huku langoni." Akaigusa kwa kalamu. "Hayo yanaweza kuwa matuta ya viazi. Au mashimo ya taka ya kambi. Na ndipo magari yatakapopitia. Siwezi kuwaambia wakubwa wangu wahamishe lango kwa sababu ya vivuli."

Nilifungua mdomo kumrarua. Mzee mmoja akaanza kusema kwamba kweli watoto wadogo, wakati ule, huenda hawakuzikwa pale. Huenda! Nimepanda tangi kwa huenda!

"Wako wangapi?" Mama Mkubwa akauliza.

Alikuwa hajainuka kitini. Picha iko mbali naye, na macho yake hayafiki mezani.

"Wangapi nani, bibi?" Gaster akasema.

"Hao wadogo kwenye picha yako. Usiniambie. Mimi nitakuambia. Ni saba."

Gaster akahesabu kwa ncha ya kalamu. Akahesabu tena. Akanitazama mimi kama vile nimemnong'oneza Mama Mkubwa, na Wallahi sikumwambia, hata nilikuwa sijahesabu ile safu, niliiogopa.

"Ni saba," akasema.

"Mwezi ule wa surua wanaume walitoka na jeneza dogo mara saba," Mama Mkubwa akasema. "Sisi tulikuwa ndani, mlango umefungwa. Hatukuruhusiwa kuona, lakini kuhesabu nani atatuzuia? Kila wakitoka tulijua ni wa nani. Wa kwanza alikuwa wa Mariamu mke wa mpiga tarumbeta. Mariamu alilalamika mpaka anakufa, kwamba mumewe amemwambia mtoto kalazwa langoni kabisa na mbuzi wanampita juu. Wa pili, pacha wa Hawa. Wangu alitoka wa tatu."

Gaster aliweka kalamu chini. Hakusema tafadhali. Alisema lango litahamia upande wa barabara ya juu, na kwamba barua ya kuhamisha ataiandika leo, na wazee wakaanza wote kwa pamoja kusema habari za ua, nguzo ngapi, waya au ukuta. Afande Ojwang alisema mawe atayarudisha kichwani pa kila mmoja kwa kufuata picha, yeye mwenyewe, bila chokaa.

Mama Mkubwa alinyoosha mkono. Nikamletea picha, nikapiga magoti mbele yake, nikamwonyesha lango. Akaweka kidole kwenye mstatili wa kwanza kutoka langoni. Akakisogeza. Wa pili. Akakisogeza.

Kidole kikakaa hapo wanaume wakiendelea kubishana juu ya nguzo. Karatasi ya picha ile ni laini, na kidole kikigusa kinaacha alama isiyotoka. Nimewafokea wateja miaka ishirini kwa jambo hilo. Yeye alikuwa anapapasa, taratibu, huku na huku, urefu wa mtoto wa mwaka mmoja na miezi minane.

Sikumwambia aondoe.